Bunyakiri: Tangawizi inaomba komposti na mbolea ya dukani pamoja

Kwenye milima ya Bunyakiri, teritware ya Kalehe, mvua ni nyingi, lakini ndiyo inayoshusha udongo mzuri mpaka bondeni. Mkulima anayemwaga mbolea ya dukani kwenye udongo uliochoka anaweza kuona pesa yake ikienda na maji. Anayetegemea komposti peke yake naye anaweza kuvuna kidogo, kwani tangawizi inakaa shambani miezi 8 mpaka 10 na inakula sana.

Wakulima wanapashwa kuunganisha zote mbili. Komposti inasaidia udongo kushika maji na mbolea. Mbolea ya dukani inaongeza kile kinachopunguka. Komposti iliyoiva iingizwe wakati wa kupanda. Mbolea ya dukani itolewe kidogo kidogo, udongo ukiwa na unyevu, si siku ya mvua kubwa. Matuta yakingame mlima, lakini maji yasituame, maana tangawizi itaoza.

Mfuko wa mbolea kutoka Bukavu ni mzigo kwa mkulima mdogo. Vyama vya wakulima vinunue pamoja na kugawana. Asiye na pesa aanze na shimo la komposti: majani ya maharagwe, majivu na mavi ya mbuzi viko nyumbani.