Mahindi yangu pia ni mali

Mwezi wa nane mwaka jana niliuza magunia sita ya mahindi hapa kwangu Ganda, karibu na mji wa Malindi. Dalali alikuja na gunia lake. Likashindiliwa, likashonewa kilemba juu, likahesabiwa moja. Nilijua napunjwa, lakini mwanangu alikuwa amerudishwa kwa karo. Kufikia Januari nilikuwa dukani, nikinunua unga wa mahindi kama yale yale niliyoyatoa kwa bei ya kutupa.

Kabla ya kuuza, nilikuwa nimeomba mkopo. Nikaulizwa: hati ya shamba iko wapi? Sina, na wengi wetu hatuna. Sheria ya ardhi ya 1908 iligawa hati za pwani hii, na Wamijikenda wengi wakabaki maskwota penye makaburi ya babu zao. Basi shamba si langu kwa karatasi, ila mahindi niliyoyapalilia kwa mikono hii hakuna anayebisha kuwa ni yangu.

Na sheria yakubali. Sheria ya 2017 yaruhusu mazao kuwekwa dhamana Kenya. Mwaka 2019 ikaja sheria ya stakabadhi za ghala. Unapeleka nafaka kavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, kwenye ghala lenye leseni. Inapimwa, unapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo benki yaweza kukukopesha sehemu ya thamani. Sehemu tu, na ni sawa, kwani mahindi ya nje yakiingia bila ushuru bei huanguka. Tanzania walitunga sheria yao 2005, na korosho za Mtwara hupitia ghalani.

Ila kuyangoja mahindi nyumbani si rahisi tena. Mamangu aliyaweka kwenye lutsaga, uchaga wa juu ya meko. Yalikuwa meusi kwa masizi, lakini mdudu hakuyagusa. Mimi nayaweka guniani chini ya mabati, na baada ya miezi mitatu nikichota kiganja, nusu ni vumbi la dumuzi.

Basi Kaunti ya Kilifi itujengee maghala huku huku: Ganda, Langobaya, Ganze. Yawe na mashine ya kukaushia, na mizani iliyokaguliwa. Yapokee magunia sita ya mama mmoja yakiunganishwa na ya chama chake, na mkopo utoke wiki ile ile, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani.

Msimu huu nimepanda mahindi ekari mbili. Yameanza kutoa mbelewele.