Ardhi Inayopumzika Si Ardhi Tupu

Mchikichi, ambao mafuta yake hayakosekani jikoni mwa mama zetu, ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche yake minne ilipandwa Bogor, katika kisiwa cha Java. Leo Indonesia inaongoza duniani kwa mafuta ya mawese, na sehemu kubwa ya mashamba yake iko Kalimantan, upande wake wa kisiwa cha Borneo, katika nchi ya makabila yaitwayo kwa pamoja Wadayak.

Wadayak hulima mpunga wa nchi kavu. Hufyeka kipande cha msitu, huacha miti ikauke, huchoma. Kisha wanaume hutangulia wakitoboa udongo kwa fimbo zilizochongwa ncha, na wanawake hufuata wakitia mbegu. Baada ya mavuno moja au mawili huliacha shamba miaka mingi, pengine kumi na zaidi, ili msitu urudi na udongo upate nguvu. Hata hivyo hawaliachi kabisa: humo hugema mpira, huchuma matunda na dawa. Na penye mahame ya mababu, miti ya matunda waliyoipanda huonyesha ni ukoo gani wenye haki hapo.

Kampuni hulitazama pori hilo na kuliita ardhi tupu. Sisi Wakongo tunalijua neno hilo: amri ya mwaka 1885 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na wenyewe ni mali ya Serikali, na mashamba ya mababu zetu yaliyokuwa yakipumzika yakamezwa humo.

Wapo wanaosema kwamba moto wa Wadayak ndio unaomaliza misitu. Mwaka 2015 moshi wa Borneo na Sumatra ulifika hadi Singapore. Lakini mwingi ulitoka katika ardhi ya kinamasi iliyokaushwa kwa mifereji, na si mkulima wa mpunga wa mlimani aliyeichimba. Sheria ya mwaka 2009 humruhusu kuchoma hadi hekta mbili kwa familia, kwa mbegu za kienyeji na kwa kuukinga moto usisambae. Hata hivyo wakulima sita wa Sintang walifikishwa mahakamani, wakaachiwa huru mwaka 2020.

Ni kweli, miaka ya mapumziko ikipungua, udongo huchoka. Lakini itakosaje kupungua, ikiwa michikichi imezunguka kijiji pande zote? Wapo pia Wadayak waliopanda michikichi yao wenyewe na kuwasomesha watoto. Hao hatuwalaumu, maana ardhi imebaki mikononi mwao.

Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba msitu wa jadi si msitu wa Serikali. Lakini sharti jamii yenyewe itambuliwe kwanza na serikali ya mahali, na kazi hiyo huenda polepole. Kibali cha shamba kubwa hutolewa hadi miaka 35, tena huongezwa. Kikiisha, ardhi hurudi kwa Serikali, si kwa kijiji. Wapo wazee waliotia sahihi wakidhani wanaazimisha tu.