Likasi: maoni, masingizio na matusi ya kabila, mpaka uko wapi?

Jioni ikifika, kwenye nganda za komine ya Kikula, kwenye meza za wamama wanaouza unga na makala, na ndani ya teksi zinazoenda Panda au Shituru, wakaaji wa Likasi wanaongea. Mmoja anaanza na bei ya bukari. Wa pili anaingiza mpira. Dakika kumi hazijapita, wote wamefika kwa raisi, kwa gavana na kwa vita ya Goma na Bukavu. Hakuna aliyewaita kwenye mkutano, hakuna mwenyekiti, na kila mtu anajiona depite. Wakongomani wameipa desturi hii jina: "parlement debout", ni kusema bunge la watu waliosimama.

Zamani maneno hayo yaliishia palepale, chupa ya Simba ilipokwisha. Siku hizi mtu anatoa simu, anarekodi, anatuma ku WhatsApp, na kesho yake sauti imefika Lubumbashi, Kolwezi na Kinshasa. Ndiyo maana wengi wanajiuliza: je, mtu anaweza kufungwa kwa sababu amesema vile anavyoona? Kuna swali la pili ambalo watu hawaliulizi sana: je, kila kitu kinachosemwa kwa jina la maoni ni maoni kweli?

Desturi ya zamani

Kuongelea mambo ya kila siku hadharani si kitu kipya hapa. Mwaka 1952, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, Hugh Tracey alipita akirekodi muziki wa Afrika. Alimkuta kijana kutoka Bunkeya mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka na kujulikana mbali sana. Mwenda aliimba kwa Kiswahili maisha ya watu wa mji, na watu walijisikia wenyewe ndani yake.

Baadaye, kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilicheza tamthilia kwa Kiswahili cha Katanga kwenye radio na televisheni. Mwaka 1986, chini ya Mobutu na chama kimoja, kikundi hicho kilicheza tamthilia juu ya mamlaka ya chifu katika kijiji. Wakati ule kumtaja mkubwa kwa jina kulikuwa hatari. Kijiji cha mchezo kilisaidia watu kufikiri juu ya nchi yao.

Kwa hiyo kucheka, kuimba na kulalamika kumekuwa njia ya mwananchi ya kusema siasa wakati milango mingine imefungwa. Anayesema "hizo ni porojo za nganda tu" anasahau historia hiyo.

Bukari, mpira na siasa ni meza moja

Tuchukue bei ya unga. Haut-Katanga inakula mahindi mengi yanayotoka Zambia. Mwezi wa pili mwaka 2024, Zambia ilitangaza janga la taifa kwa sababu ya ukame. Mama anayenunua unga sokoni hawezi kuona mvua ya Zambia. Anachoona ni kipimo kinachopungua na franka zinazoongezeka. Akisema "serikali imetuacha", anatoa hukumu juu ya jimbo linalotoa shaba na kobalti lakini linangoja chakula kutoka ng'ambo ya mpaka. Unaweza kumpinga, unaweza kumwambia ukame hauna chama. Lakini hayo ni maoni, na yako na msingi.

Mpira vilevile. TP Mazembe imechukua kombe la mabingwa wa Afrika mara 5, na mwaka 2010 ilifika fainali ya dunia ya vilabu dhidi ya Inter ya Italia. Mkubwa wake ni Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga ya zamani, kisha akawa wa pili katika uchaguzi wa raisi wa Desemba 2023. Mpinzani wake wa mji, Saint-Éloi Lupopo, aliongozwa na Jacques Kyabula akiwa gavana wa Haut-Katanga. Basi mtu akisema penalti haikuwa penalti, jirani yake anaweza kusikia kura ndani yake. Watu wakigombana ju ya refa, mara nyingine wanagombana ju ya nani atatawala.

Kwa sababu mambo haya yameshikana, kumwambia mwananchi "ongea maisha, acha siasa" hakuna maana. Maisha yenyewe ni siasa.

Sheria inasema nini

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa mdomo, kwa maandishi na kwa picha. Inaweka mipaka pia: sheria, utulivu wa watu wote na adabu njema.

Mipaka hiyo iko ndani ya sheria nyingine. Kodi ya makosa inaadhibu mtu anayemsingizia mwenzake hadharani tendo fulani linalochafua heshima yake, na inaadhibu matusi ya hadharani. Kuna amri ya Desemba 1963 juu ya kumkosea heshima mkuu wa nchi. Tangu 13 Machi 2023 kuna pia kodi ya numerike. Kifungu chake cha 360 kinamhusu anayeanzisha au anayesambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwenye mitandao: kifungo cha mwezi 1 mpaka miezi 6, faini ya franka 500 000 mpaka milioni 1, au moja ya adhabu hizo.

Neno la kuangalia vizuri ni "anayesambaza". Mtu wa Likasi anayepokea sauti kutoka kwa shemeji yake na kuisukuma kwenye kikundi cha familia anaweza kujibu mbele ya sheria, hata kama hakutunga neno hata moja.

Ili kuelewa mpaka, tuweke sentensi tatu pamoja. Ya kwanza: "Mkubwa huyu hajui kazi, safari ijayo simpigii kura." Hayo ni maoni, hakuna wa kuyapima kwa ushahidi. Ya pili: "Mkubwa huyu ameiba pesa za barabara." Hapo mtu ametaja tendo, na anayelitaja lazima awe na kitu cha kuonyesha. Kuongeza "mi naona" mbele ya sentensi hakuigeuzi kuwa maoni. Ya tatu: "Watu wa kabila lake wote ni wezi, warudi kwao." Hii imeacha kazi ya mkubwa kabisa na kuwagusa majirani wasiohusika. Congo ilikuwa na sheria dhidi ya ukabila tangu Juni 1966, na kodi ya numerike nayo inaadhibu maneno ya kikabila yanayosambazwa kwenye mitandao.

Woga wa watu si bure

Lakini ingekuwa uongo kusema kwamba sheria inafuata mpaka huo siku zote. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023 kwa sababu ya makala ambayo haikuwa na jina lake. Alikaa gerezani zaidi ya miezi 6, akahukumiwa na kuachiliwa Machi 2024. Novemba 2021, tume ya sensa ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, kati yake "Nini tosali te" ya kikundi cha MPR, uliozungumzia shida za nchi. Marufuku ya wimbo huo iliondolewa muda mfupi baadaye, baada ya watu kulalamika. Mwanzoni mwa Juni 2025, CSAC ilikataza vyombo vya habari kuongelea mambo ya raisi wa zamani Joseph Kabila na chama chake kwa siku 90.

Mashariki, mwimbaji Delcat Idengo, aliyeimba kwa Kiswahili hasira ya watu wa Kivu na kufungwa gerezani, aliuawa kwa risasi Goma tarehe 13 Februari 2025, mji ukiwa mikononi mwa M23. Vijana wengi wa Likasi walikuwa na nyimbo zake kwenye simu zao.

Mambo kama haya yanafanya mwananchi ajikunje. Na pale radio inapokatazwa kuongea, habari haifi, inahamia kwenye nganda na kwenye sauti zisizo na jina, ambako hakuna mtu wa kuuliza "umeitoa wapi?" Kwa hiyo anayefunga midomo kwa kutaka kumaliza uvumi anaulisha.

Mwaka 1992 haujaisha

Sababu kubwa ya Likasi kupima maneno iko karibu zaidi kuliko Kinshasa. Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kabla ya hapo, gavana wa Shaba, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa amewataja Wakasai katika hotuba zake kwa neno "bilulu", wadudu. Neno hilo likatoka kwenye hotuba likaingia barabarani, kwenye vicheko na kwenye nyimbo za vijana.

Halafu nyumba zikachomwa. Maelfu na maelfu ya familia za Wakasai, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa Gécamines na wa reli waliozaliwa hapa, walikimbilia kwenye gare ya Likasi. Walilala kwenye uwanja wa gare wiki nyingi wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Watoto na wazee walikufa wakingoja, wengine njiani. Wazee wa Likasi bado wanakumbuka ni nani aliyewaficha majirani zake na ni nani aliyehamia ndani ya nyumba zao.

Leo raisi ni Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, na Katanga iko na wanasiasa wake wanaompinga. Treni zinazoleta vijana kutoka Kasai zimekuwa tena mazungumzo ya kila siku. Mtu anaweza kuuliza kwa haki kama kazi zinatosha na nani anazipata. Lakini swali hilo likianza kuulizwa kwa majina ya wadudu, mji huu unajua linafikia wapi.

Kabla ya kutuma

Mwananchi hawezi kubadilisha kodi ya numerike akiwa kwenye nganda, lakini anaweza kulinda haki yake na jirani yake kwa maswali matatu. Je, ninasema vile ninavyoona, au ninadai tendo fulani limefanyika? Kama ni tendo, nani aliona? Na maneno yangu yanamgusa mtu kwa kazi yake, au yanagusa ukoo mzima?

Viongozi nao wako na deni lao. Gavana, meya na depite wamechaguliwa au wamewekwa kwa ajili ya watu, na kusikia kwamba hawajui kazi ni sehemu ya mshahara wao. Wakianza kumkamata mama aliyelalamika bei ya unga, wanafunga mdomo unaowaambia njaa iko, na kumwachia nafasi yule anayesema kwamba njaa imeletwa na kabila fulani.

Likasi ilinyamaza wakati wa chama kimoja, na miaka michache baadaye ikasikia "bilulu". Kinachobaki kwa mji huu ni kujizoeza kugombana juu ya raisi, juu ya Mazembe na juu ya bukari, kisha kila mtu arudi nyumbani kwake, na kesho asubuhi amkute jirani yake bado yuko.