Kobe Wetu Ana Jina la Kiswahili, Sisi Hatumjui

Jamani, nimekuwa kimya siku nyingi, kazi za gazeti zimenibana kweli. Leo narudi na jambo ambalo mhariri wangu amelikataa. Nilimwambia nataka kuandika habari za kobe wa maji. Akacheka, akaniambia kobe hauzi gazeti. Sawa, basi nayasema hapa.

Nianze na swali. Wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu, nitajie kobe wa mtoni hata mmoja wa Tanzania. Umekwama? Lakini wale wa Ninja Turtles unawajua wote wanne kwa majina. Hata mimi nawajua.

Mwaka 2014 wanasayansi waliwachunguza upya kobe wa maji wa jenasi ya Pelomedusa, ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa spishi moja tu. Wakaona ni kumi. Mmoja wa Tanzania wakampa jina Pelomedusa kobe. Ndiyo, kobe! Neno letu limeingia kwenye vitabu vya sayansi vya dunia, na mtoto wa Kigogo au Tandale hajawahi kulisikia.

Kobe wa jamii hii si yule wa nchi kavu, wala si kasa wa baharini. Akishtuka harudishi kichwa ndani moja kwa moja, anakikunja ubavuni chini ya ganda. Dimbwi likikauka, anajifukia kwenye tope na kungoja mvua. Nilipokuwa mdogo kwa bibi, Dodoma, mvua zikianza tuliwaona kobe wa maji kwenye madimbwi. Tuliwapiga mawe. Hakuna mwalimu aliyetufundisha lolote juu yao. Leo naona aibu.

Na hawa si wa kuchezea. Rufiji na Ruvuma kuna mwingine, mwenye ganda laini kama ngozi, ambaye yumo kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Mtaniambia tuna kobe wa Changuu, Zanzibar. Wale ni wageni, ndugu zangu! Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza. Walizaana wakafika kama 200 mwaka 1955, wizi ukawamaliza mpaka wakabaki saba mwaka 1996. Walipolindwa, wakaongezeka tena. Sina ugomvi nao. Nasema tu kwamba ulinzi unawezekana, tena tumeufanya kwa mgeni. Nungwi nako, tangu 1993, wanakijiji wanatunza kasa kwenye bwawa la asili pale Mnarani, na wageni wanalipa kiingilio kuwaona. Mwenyeji wa mtoni kakosa nini?

Sasa nakuja Dar. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji mpaka baharini Salenda. Mradi wa bonde la mto huo, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, una mpango wa bustani kubwa ya jiji. Wakazi wa bondeni wamelipwa fidia, wamehama.

Utasema, watu wamebomolewa nyumba na wewe unaongelea kobe? Naam, ndiyo sababu hasa. Kama watu wameondoka ili mto upumue, basi tusiishie kujengewa vibanda vya chipsi na sehemu ya kupigia picha za harusi. Nataka nyumba moja tu ya elimu ya viumbe, yenye bwawa la kobe wa hapa hapa. Wanaotembeza wageni wawe vijana wa Kigogo na Mchikichini, wenye mshahara. Jumamosi watoto waje kuhesabu ndege na vyura, wapime maji, wapande mikoko. Kila shule ya msingi ya jirani iwe na siku yake, bila kiingilio.

Mnaona ni ndogo? Sisi waandishi kila tarehe 5 Juni tunaandika kiongozi fulani ameshika fagio, anapigwa picha. Kesho yake taka ziko mtoni. Mtoto aliyemshika kobe mkononi akamjua kwa jina hatatupa rambo mtoni kirahisi, na akimwona baba yake anatupa, atamuuliza. Fagio la kiongozi haliwezi kazi hiyo.

Ramani za bustani zisipoulizwa maswali sasa, zege likimwagwa tutabaki kulalamika vijiweni.

Mhariri wangu, kobe hauzi gazeti, nimekubali. Ila mafuriko ya Msimbazi tunayauza kila masika.

Nawasilisha.