Tuitoe Risasi Katika Nyama

Katika lugha yetu neno risasi hutaja vitu viwili: madini laini yenye uzito mwingi, na kile kitokacho mdomoni mwa bunduki. Wazee waliovipa vitu hivyo jina moja hawakukosea, kwani zamani hizo kimoja kilifanyizwa kwa kingine. Sisi twasema wakati umefika wa kuvitenganisha.

Tangu kanuni za mwaka 2020 ziliporuhusu mabucha ya nyamapori, nyama ya nyati au pofu si jambo la mafichoni tena. Mfanyakazi anaweza kuinunua kwa stakabadhi na kuipeleka kwake hadharani. Hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini risasi ya kawaida ikimpiga mnyama hupasuka, na vipande vyake, vingine vidogo kuliko punje ya ulezi, husambaa nyamani. Picha za eksirei zimevionyesha mbali na jeraha kupita upana wa kiganja. Jicho la mchinjaji halivioni, wala moto wa jikoni hauviondoi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiasi cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto, ambao akili zao hudumaa. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi zetu mwaka 2006. Je, tuliitoa sumu hiyo katika tangi la lori ili tuiache katika sufuria?

Tumesikia ikinenwa kwamba risasi za shaba ni anasa ya matajiri. Hatukubali hata kidogo. Mgeni anayewinda Rungwa, Kizigo au Muhesi huondoka na pembe na ngozi. Nyama huliwa na wenyeji. Na kinachosalia porini huliwa na tumbusi: huko Botswana, uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulikuta karibu theluthi moja ya tumbusi waliopimwa wana risasi nyingi damuni.

Kichwa cha shaba hakipasuki hivyo. Hufunguka mbele kama ua na kubaki kizima. Ila shaba ni nyepesi kuliko risasi, hata kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi. Kwa hiyo anayejaza maganda kwa mkono wake hawezi kuchukua kipimo cha baruti cha zamani akakitumia vivyo hivyo. Bunduki yaweza kumpasukia usoni. Wawindaji wengi wa Marekani hufanya kazi hiyo nyumbani kwao. Kwetu Sheria ya Silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali, nasi hatuombi ilegezwe. Gobole la kijijini, lishindiliwalo baruti na vipande vya chuma, limekwisha kutufunza hasara ya kila mtu kujifanyizia.

Tunachotaka ni kazi hiyo ifanywe kiwandani. Morogoro liko Shirika la Mzinga. Mpwapwa, humu humu mkoani Dodoma, wachimbaji wadogo huchimba shaba. Yahitaji kusafishwa kwanza, twajua, na gharama ipo. Lakini nchi inayochimba shaba haina haja ya kuagiza kila risasi ya shaba kutoka ng'ambo. Wizara ya Maliasili na Utalii nayo iwaagize wenye mabucha kupokea nyama iliyopigwa kwa shaba peke yake, kuanzia msimu ujao. Mpaka hapo, mchinjaji aikate nyama yote iliyozunguka jeraha, aifukie, wala asiwape mbwa.