Kasi ya Prosesa Si Hoja

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kuwa prosesa za leo zina kasi, basi kunakili data hakugharimu kitu. Amepima kitu kingine. Kinachobana ni njia ya kumbukumbu. Seva inayosoma faili kisha kuituma hunakili baiti zilezile mara mbili: kutoka kerneli hadi kwenye programu, kisha kuzirudisha kerneli, ilhali programu haikubadili hata baiti moja! Ndiyo maana Linux 2.2 ya mwaka 1999 ilikuja na sendfile, mwito wa mfumo unaotuma faili bila kuipitisha kwenye programu. Kwa vipande vidogo, sawa, namkubalia: MSG_ZEROCOPY, bendera ya kutuma data ya programu kwenye mtandao bila kuinakili, iliyoingia kwenye Linux 4.14, kwa kawaida hailipi chini ya takriban kilobaiti 10, kwani kuzifunga kurasa za kumbukumbu na kupokea taarifa za kukamilika nako kuna gharama. Lakini yeye alikuwa akizungumzia seva za video, ambazo hutuma vipande vikubwa.