Je, Mwalimu wa Mchezo Lazima Awe Bingwa?

Mara nyingi twasikia kwamba asiyepata kuwa mchezaji hodari hawezi kuwafundisha walio hodari. Mimi sikubali.

Katika mji wa Wigan, Uingereza, iko klabu mashuhuri ya raga, ile ya watu 13 kila upande. Mwaka 2021 klabu ilimchagua Matt Peet awe mwalimu mkuu. Wapenzi wa timu wakabishana. Wengine waliuliza: mtu huyu hakupata kucheza raga ya kulipwa, je, mabingwa watamsikiliza? Wengine wakajibu kuwa aliwahi kuwalea vijana wa klabu hiyo hiyo, na kazi yake yajulikana.

Mwaka 2022 timu ilitwaa Challenge Cup. Mwaka 2023 ubingwa wa ligi. Na mwaka 2024 vikombe vyote vinne, hata kile cha dunia, ilipoishinda Penrith ya Australia 16 kwa 12.

Sisemi kwamba kucheza vizuri si kitu. Lakini nasi tuchaguapo kapteni hapa shuleni, tusitazame tu nani afungaye magoli mengi. Tutazame pia nani mwenye subira ya kuwaonyesha wenziwe. Kujua ni jambo moja. Kujulisha ni jingine.